Siku Athanasie Hakuonja

Kwanza ujue namna Athanasie alivyokuwa anauza bushera. Usipojua hilo, haya mengine yote utayaona ni mambo ya wendawazimu. Na kusema kweli, hata ukijua, bado utayaona hivyo hivyo.

Bushera ni kinywaji cha mtama. Mtama unalowekwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, kisha unga wake unakorogwa na maji ya moto na kuachwa mpaka kesho yake. Si pombe hiyo. Mtoto anakunywa, mchungaji anakunywa, na fundi aliyeshinda akivunja mawe ya volkano juani anakunywa na kusema kweli Mungu yupo. Athanasie alifundishwa na mama yake kule Rutshuru. Tangu mume wake afariki, miaka kumi na miwili sasa, bushera ndiyo iliyomlisha yeye na binti yake mmoja, Umuhoza. Parseli yake, yaani kiwanja chake, iko hapa mtaa wa Mapendo, uzio wa mbao, benchi mbili, ndoo ya buluu yenye kifuniko na vikombe sita vya plastiki. Saa nne asubuhi ndoo imejaa. Saa tisa utamkuta anaisuuza.

Na hakukupa kikombe bila kuweka mdomo wake kwanza. Alichota, akapiga funda moja dogo, akapangusa ukingo kwa kiganja, akakupa kwa mikono miwili. Kwa Kinyarwanda tunaita gusogongera. Maana yake ya zamani ni nzito: ninachokupa nimekinywa mimi, kama ni kifo basi tunakwenda wote. Lakini nani anawaza hayo siku hizi? Ni adabu tu, kama kupiga hodi. Miaka kumi na miwili hakuna mtu aliyemtazama Athanasie akionja. Walitazama simu zao, walibishana juu ya mpira, walinyoosha mkono bila hata kugeuza kichwa.

Ni Umuhoza peke yake ambaye hakumwonjea. Mtoto uliyemnyonyesha humwonjei kinywaji. Hiyo ingekuwa matusi.

Sasa likaja jino.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto, na lilimtesa tangu Ijumaa. Jumatatu asubuhi Athanasie alikwenda dispensari, wakaling'oa, wakamfungia jino lake kwenye kipande cha karatasi, kisha muuguzi akamwekea pamba mdomoni. Akamwambia, "Mama, uuma hii. Usifungue kinywa, usikunywe kitu mpaka kesho." Athanasie akaitika kwa kichwa. Akarudi nyumbani shavu limevimba kama aliyeficha ndizi.

Ndoo ilikuwa imejaa. Bushera haingoji mtu, ya leo ukiilaza mpaka kesho inakuwa chachu. Kwa hiyo alijifunga kitenge kuanzia kidevuni mpaka utosini, akakaa kwenye kigoda chake, akawa anachota na kutoa, anachota na kutoa, bila kuonja na bila kusema neno. Wateja walikunywa. Ntirenganya, fundi wa kujenga anayekaa parseli ya mbele, alikunywa vikombe viwili.

"Leo Mama Umuhoza amefunga kula ao amefunga kusema?" akamtania.

Athanasie akampungia mkono kama kusema toka hapa. Mlangoni alikuwa amesimama Bénita, mke wa Ntirenganya, amekuja kumwita mume wake. Huyu Bénita hakuwa mtu wa mbali. Miaka kumi na mitatu waliimba alto pamoja kwenye korali, bega kwa bega, kitabu kimoja cha nyimbo. Siku mume wa Athanasie alipozikwa, ni mikono ya Bénita iliyomshika asianguke. Athanasie akampungia mkono yeye pia. Bénita akacheka, akaondoka na mume wake. Basi, ni hayo tu. Hakuna kingine kilichotokea siku hiyo, na ninakuomba uyakumbuke vizuri.

Alhamisi Ntirenganya akashikwa na homa. Jumapili akashindwa kusimama. Jumatatu wakambeba kwa moto, yaani pikipiki, katikati ya dereva na shemeji yake, mpaka hospitali.

Athanasie aliandaa chupa ya bushera ya kumpelekea mgonjwa, kama jirani yeyote. Bénita akaipokea pale mlangoni kwake bila kumtazama usoni, akasema aksanti, akafunga mlango. Athanasie akajiambia: masikini, amechoka. Mtu mwenye moyo mweupe ndivyo alivyo, anawatafutia wengine sababu nzuri hata pale wanapomchimbia shimo.

Jumanne ile vijana wawili wa moto ambao hawakosagi walipunguza mwendo mbele ya uzio, wakatazamana, wakapita. Mama mmoja aliyekuwa ameshafika mpaka kwenye benchi akamvuta mtoto wake mkono, puu, mpaka kiatu kikabaki. Saa tisa ndoo ilikuwa bado nusu. Jumatano ilikuwa karibu kujaa. Athanasie aliionja mara nne, akaisikia iko sawa, lakini bado akamlaumu mtama. Akaumwaga ule unga wote, akanunua mwingine, akaosha ndoo kwa majivu, akaanza upya. Siku tatu alikuwa anatafuta kosa ndani ya mtama!

Ijumaa akaja fundi mmoja mzee, mteja wa tangu mwanzo. Athanasie karibu amkumbatie. Akachota, akaonja, akapangusa, akampa kwa mikono miwili. Yule mzee akakishika kikombe, akakitazama ndani muda mrefu. Kisha akainama polepole, akaimwaga bushera yote juu ya mawe, mbele ya macho yake.

"Unisamehe, mama. Bibi yangu alinikataza."

"Alikukataza nini, papa? Sukari?"

Mzee aliweka kikombe juu ya benchi, akalipa kama aliyekunywa, akaenda. Athanasie alibaki anatazama pale chini, bushera inaingia kwenye matundu ya mawe, na mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa mbele kama inatoa kitu.

Jioni ile Umuhoza alirudi kutoka kwenye atelie anakoshona, macho mekundu, simu mkononi. Hakusalimu.

"Mama, ikala kwanza," akasema, akimsogezea kigoda.

"Kuko nini? Nani amekufa?"

"Ikala, mama. Usikilize."

Simu ikasema. Ilikuwa odio, zile za kutumiana kwenye vikundi, na juu yake palikuwa na alama kwamba imetumwa mara nyingi. Sauti ya mwanamke, ya chini, yenye machozi ndani:

"Bapenzi, minawaomba muikale macho. Hapa Mapendo kuko mama moja mujane, anauzaka bushera, anaimbaka hata kwa korali. Bwana yangu analala kwa hospitali. Alikunywa kwa ule mama. Na mimi nilikuwa pale kwa mulango, niliona na macho yangu: ule mama hakuonja. Siku zote anaonjaka, lakini ile siku alikataa. Alijifunga kinywa na kitenge. Hakusema hata neno moja. Mwenye akili aelewe. Ile ni karuho. Mutume kwa wengine, muokoe batu."

Karuho! Kama wewe si mtu wa huku, nikueleze. Karuho ni sumu ambayo hakuna aliyewahi kuionyesha, lakini kila mtu anamjua mtu aliyekufa nayo. Wanasema inafichwa chini ya ukucha, inadondoshwa kwenye kikombe, na anayeinywa anakauka kidogo kidogo mpaka mwisho. Ukimwita mtu mwizi, atarudisha kitu na maisha yataendelea. Ukimwita mtoaji wa karuho, umemtoa kati ya watu. Wengine wamechomewa nyumba kwa neno hilo moja tu.

"Anza tena," Athanasie akasema.

Umuhoza akaanza tena.

"Anza tena."

"Mama, inatosha."

"Minasema anza tena!"

Mara ya tatu ndipo akasema, kama anayeuliza, "Ni Bénita?" Lakini alikuwa ameijua sauti ile tangu neno la kwanza. Angeijua hata katikati ya kwaya ya malaika. Na kilichomshtua kuliko vyote ni hiki: kila kitu ndani ya ile odio kilikuwa kweli. Kweli hakuonja. Kweli alijifunga kitenge, na kweli hakusema. Uongo ulikuwa neno moja tu, karuho, na hilo moja ndilo lililomla.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tunaitikia tu kwa mazoea. Athanasie siku hiyo aliitikia kwa tumbo. Alikimbilia nyuma ya nyumba kutapika.

Kesho yake asubuhi alitoa lile jino. Ndiyo, alikuwa amelitunza kwenye karatasi yake, hata yeye hakujua kwa nini. Akavuka njia kwenda kwa Bénita, jino mkononi, akagonga. Hakuna aliyefungua. Badala yake watu wakaanza kutoka kwenye parseli zao.

"Muone, nilingolewa jino," akawaambia, akafungua karatasi. "Njo maana sikuonja. Munganga alinikataza. Muone tobo, bado iko." Akafungua kinywa, mama wa miaka hamsini na mbili, kanisani wanamwita mama wa hekima, anawaonyesha watu ufizi wake katikati ya barabara kama ng'ombe anayeuzwa.

"Leo jino, kesho sikio!" mmoja akapiga kelele. Wakacheka. Mwingine akasema, "Eko anafata Bénita amalize jamaa yote!" Hapo hawakucheka. Jiwe la kwanza lilipita karibu na goti lake. La pili lilimkuta ameshaingia kwake, likapiga bati, na kelele yake ile, mchana kweupe, hakuisahau.

Tena watu wa namna hiyo wana methali yao ya kujifichia: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ninaichukia methali hiyo! Kila mtu mwenye uongo mfukoni anaitoa kama kitambulisho.

Simu kutoka Kibati ilifika mchana huohuo. Umuhoza alikuwa na mchumba, Lionel, kijana mpole, mtoto wa wafugaji wa huko. Siku ya doti, yaani ya kuleta mahari, ilikuwa imeshapangwa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Aliyepiga alikuwa muzee Habarurema, baba mkubwa wa Lionel, ndiye msemaji wa familia yao. Alisalimu vizuri, akauliza habari za mvua, akakohoa.

"Mama Umuhoza, hatukatae mutoto. Mutoto tunamupenda. Lakini ile odio imetufikia hata huku. Siku ya doti, ni mama wa binti anatoa kinywaji, unajua desturi. Sasa mimi nitaambia jamaa yangu namna gani bakunywe? Batakataa. Na doti yenye batu bamekataa kinywaji, si doti."

"Papa Habarurema, ile ni bongo, uongo mutupu! Wananisingizia!"

"Inawezekana, mama. Basi usafishe jina. Ukilisafisha, tutakuja. Usipoweza..." Hakumaliza. Watu wazima hawamalizi sentensi kama hizo.

Umuhoza alikuwa amesimama pale, alisikia kila neno. Hakulia. Alisema tu, "Mama, nikikosa Lionel, minakosa Lionel. Lakini hawatakuita mulozi mbele yangu." Athanasie akamtazama mtoto wake huyu, akajua kwamba yeye mama yake hatakubali akose Lionel.

Jumatatu yake ndipo alipokwenda kwa shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara yetu hii. Papa Baharanyi ni mwalimu aliyestaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na daftari la shule ambamo anaandika kesi zote za avenyu yetu. Alimsikiliza, akasikiliza odio, akafungua ukurasa mpya, kisha kalamu ikasimama hewani.

"Sasa mama, niandike nini? Maana kila kitu iko na jina yake. Kusengenya, ile si kesi. Kusengenya ni kazi ya kila siku hapa, hata bibi yangu eko anafanya. Umbeya, vile vile. Kukuchongea ingekuwa bamekupeleka kwa mukubwa ili akuazibu. Kukuzushia ni kutunga kitu yenye haiko. Kukusingizia ni kukubebesha kitendo yenye haukufanya. Fitina ni kukugombanisha na wenzako." Alikuwa anahesabu kwa vidole, mwalimu ni mwalimu. "Kwa Kifaransa ya sheria tunaandika imputation dommageable. Kwa ile, mutu anaweza kuingia hata gereza."

"Papa Baharanyi," Athanasie akasema, "na ile yenye inafanya mutu anamwanga bushera yangu chini na minamuangalia, inaitwaka namna gani?"

Mzee akatoa miwani. Kisha akaandika, na kusoma kwa sauti wakati akiandika: kumuharibia mutu jina. "Siku ya Mungu kisha misa," akasema. "Nitakuja na Bénita. Na bwana yake, kama ametoka hospitali. Tutaikala kwako. Ukuwe na bushera. Nani mwingine unataka aone?"

"Muzee Habarurema wa Kibati."

Jumapili ile, niamini, avenyu nzima ilikuwa kwenye uzio. Mbao zina matundu, na kila tundu lilikuwa na jicho. Ndani walikaa Baharanyi na daftari, Habarurema na fimbo yake ya wafugaji, Athanasie na Umuhoza. Bénita aliingia wa mwisho, akimshikilia Ntirenganya aliyekonda mpaka suruali inafungwa kwa kamba. Bénita alikuwa amevaa sare ya korali. Sijui alifikiri nini alipoivaa.

Baharanyi akaweka simu juu ya meza, ile odio ikasema tena, mbele ya mwenyewe. Kila mtu akatazama chini.

"Mama Bénita, ni sauti yako?"

"Ni yangu."

"Uliona ule mama anaweka kitu kwa kikombe?"

"Hakuonja."

"Sikuuliza kama alionja. Uliona anaweka kitu?"

Ni Ntirenganya aliyejibu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesema kutoka chumba kingine. "Shefu, juzi nilitafuta dawa yangu chini ya godoro. Nikakuta hii." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya laboratwari. Baharanyi akavaa miwani, akasoma mara mbili.

"Tifoide, ile homa ya tumbo," akasema. "Ya siku ya kwanza aliingia hospitali. Mama Bénita, ulikuwa na hii karatasi mbele ya kutuma odio?"

Kule kwenye uzio mtu akasema Yesu! kwa sauti.

Bénita akalia, na katika kulia akasema yote. "Munganga aliniuliza: munakunywaka mayi gani? Nikasema ya ziwa. Akaniuliza: munaichemshaka? Nikasema ndiyo. Ilikuwa bongo. Makala ya kupikia ilikosa, sikuchemsha, karibu mwezi mzima. Akasema ule ugonjwa uliingia zamani, si juzi. Sasa ningeenda kusema nini kwa mama mukwe? Kama ni mimi niko namuulia mutoto wake na uvivu? Na mimi nilikuwa nimeshasema karuho kwa shemeji, ile jumapili, kwa woga tu, juu sikujua alikuwa na nini. Neno ilikuwa imeshaenda. Kila mutu alikuwa ananiuliza: ni nani? Ni nani? Nikaona kitenge ya Mama Umuhoza kwa macho yangu. Nikasema."

"Na jino yangu?" Athanasie akauliza. Sauti yake haikupanda. "Mulikataa kuniangalia kinywa. Wewe ulijua niko na jino mubaya. Tangu siku ya tano, mbele ya kulingoa, nilikuambia kwa korali."

"Nilijua," Bénita akasema.

Hebu fikiri. Alijua! Athanasie alikuwa amejiandaa kusikia wivu, kusikia chuki, labda jambo la zamani alilomkosea bila kujua. Hilo angelielewa. Lakini huyu hakumchukia hata kidogo. Alimchukua tu, kama unavyochukua sufuria ya jirani ambayo iko karibu.

Baharanyi akapiga meza. Akasema mambo mawili: leo leo Bénita atatuma odio nyingine kwenye vikundi vyote vilevile, kwa sauti yake na jina lake. Na sasa hivi, mbele ya watu, atakunywa kutoka mkono wa Athanasie, ili jambo lifungwe kama inavyofungwa kwetu.

Athanasie akasimama. Akafunua ndoo, akachota. Akaonja, si funda dogo la siku zote, akameza funda kubwa ambalo hata wa kwenye uzio walilisikia likishuka. Akapangusa ukingo. Akatoa kwa mikono miwili.

Bénita akapokea. Akakileta kikombe kinywani. Midomo yake ikagusa plastiki, na haikufunguka.

Tulingoja. Kikombe kikayumba, bushera ikaruka ukingoni na kumwagikia sare ya korali. Akashusha kikombe, akakipandisha tena. Macho yake yalikuwa ndani ya kikombe, yamekodoka, kama kuna kitu kinatembea humo.

"Siwezi," akasema.

"Mama Bénita, kunywa," Baharanyi akasema.

"Siwezi! Mama Umuhoza, unisamehe. Ni mimi nilitunga. Minajua ni mimi. Hakuna kitu ndani, minajua! Lakini siwezi."

Loo! Sijawahi kuona kitu kama kile. Uongo ni wake, aliutunga kwa kinywa chake mwenyewe, amekiri mbele ya watu, na bado uongo ule ule umemkaba koo! Kwenye uzio watu walianza kunong'ona, na Athanasie akaelewa wanachonong'ona: kama hata yeye anaogopa, basi kuna jambo. Muzee Habarurema alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili na amekunja uso. Athanasie alimwona Umuhoza anamtazama mzee yule, na akaona ndoa ya mtoto wake inamwagika pale chini na bushera.

Ntirenganya ndiye aliyesimama. Alijikongoja hatua tatu, akamnyang'anya mke wake kikombe, akakiinua na kunywa mpaka chini, bila kupumua. Akakipindua kuonyesha ni kitupu. Akapangusa mdomo kwa mkono wa shati.

"Kama nikifa kesho," akasema, "mujue ni mayi ya kwangu."

Mtu mmoja akacheka kwenye uzio, kisha wawili, kisha wote. Habarurema hakucheka, lakini alinyoosha mkono. "Mama, unipe na mimi. Njia ya Kibati ina vumbi." Athanasie akachota, akaonja, akapangusa, akatoa. Mzee alimtazama mdomo, akamtazama koo, kisha akanywa polepole mpaka mwisho. "Samedi tutakuja," akasema.

Na walikuja. Odio ya pili ilikuwa imetumwa, ingawa haikukimbia kama ya kwanza. Nani anamtumia mwenzake habari kwamba hakuna kitu? Jumamosi ile parseli ilijaa watu wa Kibati, kofia, fimbo, vitenge vipya. Wakasema maneno ya desturi, wakataniana, ng'ombe wakatajwa kwa majina na sifa. Athanasie akatoa kinywaji kwa kila mmoja. Wote walipokea. Wote walikunywa. Lakini kabla ya kunywa, kila mmoja, wazee kwa vijana, alimtazama mdomo akionja, na akangoja mpaka koo lishuke. Miaka kumi na miwili hakuna aliyetazama, na siku hiyo hakukuwa na hata mmoja asiyetazama. Kufikia mgeni wa ishirini Athanasie alikuwa ameshajua la kufanya: anameza kwa nguvu, anafungua midomo kidogo aonekane kuwa amemeza, ndipo anatoa. Aliona aibu, lakini alifanya, maana jina lilikuwa limesafishwa na doti ilikuwa inaendelea, na mtu ataomba nini zaidi?

Mambo yalipokaribia mwisho alikwenda nyuma, kwenye chumba kidogo anakoweka mtama, apumzike. Umuhoza akamfuata akiwa ndani ya mushanana wake, vazi la sherehe, amependeza, jasho linamtoka.

"Mama, nimekauka. Unipe kidogo."

Athanasie akachota, akampa. Umuhoza akapokea. Akaanza kusimulia jinsi Lionel alivyosahau maneno mbele ya wazee, anacheka, kikombe mkononi. Hakunywa. Athanasie akafikiri anataka kumaliza hadithi. Lakini hadithi iliisha, na kikombe kilikuwa bado kimesimama palepale, na macho ya Umuhoza yalikuwa mdomoni mwa mama yake. Yamekaa tu pale, yanangoja. Mtoto mwenyewe hakujua kwamba anangoja.

Athanasie alitaka kumwambia, "Umuhoza, ni mimi," lakini angemwambiaje hayo, siku ya furaha yake? Akamchukulia kikombe taratibu mkononi. Akaonja. Akameza, akafungua midomo kidogo. Akapangusa ukingo kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili.

Umuhoza akanywa yote.

"Ni tamu, mama," akasema, akamrudishia kikombe na kukimbilia nje wanakomwita.

Athanasie akakaa juu ya gunia la mtama, kikombe mapajani. Walimwita mara tatu aje kupiga picha na wakwe, na mara zote tatu aliitika kwamba anakuja.